Mizunguko Elfu Hamsini

Jumatatu, 18 Novemba

Daftari la kazi nililopewa leo lina vyumba vyembamba: tarehe, saa, mizunguko, ampea, joto, unyevu, sahihi. Hakuna chumba cha kuandika kwamba nimevaa viatu vya kufunika vidole mara ya kwanza tangu nimalize chuo cha ufundi, VETA, wala kwamba mume wangu Marselino alinipakia kwenye baiskeli mpaka getini akasema, "Haya rubani, shuka." Ndiyo maana wakati wa kurudi nimepitia dukani nikanunua kauntabuku. Ya mashine yatakaa kule, yangu yatakaa huku.

Miaka kumi na mmoja nimesaga mahindi ya watu pale Misunkumilo. Leo nimekabidhiwa mashine isiyosaga kitu.

Jumanne, 19 Novemba

Banda letu liko ng'ambo ya uzio wa uwanja wa ndege. Bati juu, ukuta pande tatu. Upande wa nne umeachwa wazi makusudi ili vumbi liingie na mvua ipige. Kampuni yenyewe ni ya Dar. Wanaunda ndege ndogo ya watu kumi na wawili, itakayotua kwenye viwanja vya udongo, wakaona wakijaribie kifaa chao mahali penye vumbi, joto na mvua ya miezi mitano. Wakachagua kwetu Mpanda.

Ndani kuna meza ya chuma, na juu yake kipande cha bawa. Nyuma ya bawa kuna kibawa, kile kinachoteremshwa ndege ikitaka kutua. Mota isiyozidi chupa ya chai inazungusha skrubu ndefu. Skrubu ikisukuma, kibawa kinashuka, ikivuta, kinapanda. Kushuka na kupanda ni mzunguko mmoja, na kinatakiwa kifanye mizunguko elfu hamsini. Wenyewe wanakiita aktueta. Mimi nimeshaanza kukiita kisukumio, na Osward mlinzi naye kanifuata.

Anayenifundisha ni Injinia Dina, binti wa Dar, hajafika miaka thelathini. Nikamuuliza, "Kwani ndege za siku zote zinatumia nini?"

"Nyingi zinatumia mafuta yanayosukumwa kwenye mabomba. Mabomba ni mazito, yanavuja, yana kazi nyingi. Sisi tunataka umeme tu na waya."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni skrubu kukwama. Kibawa cha kushoto kishuke, cha kulia kigome, ndege inalala ubavu. Na hapo iko karibu na ardhi, rubani hana nafasi ya kujitetea."

Halafu akaninyooshea kidole. "Dada Josephina, usiguse chochote. Kazi yako ni kutazama na kuandika. Kikilia, andika. Kikisimama, andika. Kikiungua, zima, halafu andika."

Nilimpa karanga za kuchemsha, akasema hawezi kula kazini. Ana maringo huyu.

Jumatatu, 25 Novemba

Tumeanza. Hadi jioni 812. Umeme ulikatika mara mbili, betri zikashika.

Jumatano, 27 Novemba

Injinia kaondoka na ndege ya mchana. Atakuwa anapiga simu kila Jumamosi. Tumebaki mimi, Osward na kisukumio. Osward ni mtu wa Karema, ziwani, ana miaka kama sitini, na kazi yake ni kukaa kwenye kiti na kuandika kwenye kitabu chake cha getini nani kaingia, nani katoka. Kwa kuwa haingii mtu wala hatoki mtu, naona analipwa kwa kukaa.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua kubwa ya kwanza. Manyunyu yamefika mpaka kwenye meza. 4,350.

Ijumaa, 6 Desemba

Marselino kaanza kupandikiza mpunga shambani kwetu Kakese. Karudi na tope hadi mapajani, anaimba.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua. 10,900. Ampea, yaani umeme inaokula mota, 2.1 kama jana, kama juzi.

Jumamosi, 14 Desemba

Injinia kapiga. Nilimsomea namba, nikakosea mbili, nikamwambia namba za kwenye kioo cha vipimo ni ndogo kwa macho yangu. Akasema sawa tu. Nikajua nimejiharibia, ataona sifai.

Ijumaa, 20 Desemba

Kimefika kifurushi kwa basi kutoka Dar. Ndani mna miwani ya kusomea, na karatasi: "Jaribu hii kwanza. Isipokufaa, niambie tubadilishe. D." Inanifaa. Nimesoma mpaka namba ndogo zilizochongwa ubavuni mwa mota. Na lile neno la maringo niliandika kwa haraka.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Kisukumio kimepumzika, na sisi tumekula. Skola wetu kafika kutoka shule ya bweni, kaniuliza mbele ya kwaya yetu nzima, "Mama, ni kweli ndege zinakusubiri wewe?" Watu wakacheka, lakini walitaka jibu. Nikajibu, "Zinanisubiri." Nilijisikia vizuri mno.

Jumatatu, 6 Januari

Skola karudi shule. Mvua. 20,450.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. 26,000 na ushee. Osward kaleta migebuka, samaki wa ziwani kwao, mikavu, mirefu kama mkono. Nilimpelekea ugali akala amesimama, macho kwenye kibawa. Anasema akikiangalia kinashuka na kupanda moyo wake unatulia kuliko redio.

Jumanne, 21 Januari

Mvua siku ya nne bila kupumua. Leo asubuhi kisukumio kimelia. Kii, fupi, kibawa kikiwa nusu ya njia ya kushuka. Hewa ilipopata joto kikanyamaza. 29,400.

Jumatano, 22 Januari

Kimelia tena, na safari hii kwa muda mrefu. Ampea imefika 2.6. Nimeandika ampea. Kilio sikuandika, nikajiambia hakina chumba chake.

Alhamisi, 23 Januari

Niandike ilivyokuwa.

Saa mbili asubuhi kilikuwa kinalia kila kikishuka, na kwa kila kilio nilihisi kitu kinanikwaruza mgongoni. Nilivyozoea mimi, mashine ya kusaga ikilia unaipa grisi. Usipoipa, mchana inasimama na kina mama wanarudi na ndoo za mahindi vichwani, wanakusema njia nzima. Mkono wangu ulijua la kufanya kabla sijafikiri.

Lakini niseme kweli, nilifikiri pia. Nilifikiri kwamba kikikwama, Dar watasema kimeshindwa, banda litafungwa, nami nitarudi kumweleza Skola na kwaya kwamba ndege hazinisubiri tena.

Osward alikuwa ameenda kunywa chai. Nikazima. Skrubu imefunikwa na mfuko wa mpira unaojikunja na kukunjuka kama kinanda cha mkono, na mfuko umebanwa na klipu. Nikalegeza klipu kwa bisibisi, nikavuta mpira. Likadondoka tone la maji. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi. Nilitazama lile tone juu ya meza, kisha nikalifuta kwa kitambaa. Nikatia grisi ya mashine ya kusaga, vidole viwili, nikakisogeza taratibu mbele na nyuma, nikafunga klipu, nikawasha.

Kimya. Ampea 2.2.

Nilifurahi kama mtu aliyemnyamazisha mtoto wa mwenzake. Osward aliporudi, alisimama akasikiliza, akaniangalia, akaenda kukaa.

Ijumaa, 24 Januari

Mvua. 32,050. Kimya.

Jumamosi, 25 Januari

Injinia kapiga. "Dada, ampea ilipanda katikati ya wiki, halafu ikashuka ghafla. Kuna ulichofanya?"

"Hakuna."

"Hukusikia chochote?"

"Labda ni mvua," nilisema. "Mvua imezidi."

"Sawa. Nitaandika unyevu." Kisha akaniuliza migebuka inapikwaje, maana mama yake ameletewa na jirani na hawajui waianzie wapi. Nikamweleza: iloweke, itoe miba, nyanya nyingi, karanga mwishoni. Tuliongea karibu nusu saa. Nilipokata simu, masikio yalikuwa ya moto.

Jumatatu, 27 Januari

Mvua. Kimya.

Alhamisi, 30 Januari

Jua kidogo asubuhi. 36,100. Kimya.

Jumamosi, 8 Februari

Injinia kapiga. Mama yake kaipenda migebuka. Ampea hakuuliza. Ananiita dada siku hizi bila jina, nami nikajikuta namwita mdogo wangu. 41,000.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani padri alizungumza habari ya kisima cha kigango chetu kinachohitaji kamba mpya. Hakusema lolote la kunihusu, lakini niliinama muda wote.

Jumatano, 12 Februari

Kimya. Zamani niliupenda ukimya wake. Siku hizi nakaa nikiusikiliza kama mtu anayesubiri mgeni asiyemtaka.

Jumatatu, 17 Februari

Mvua. Kimya. 46,200.

Jumatatu, 24 Februari

Dina kafika. Kashuka kwenye ndege na buti za mpira mkononi, tayari. Kanikumbatia pale pale uwanjani mbele ya watu. Nikaona nimeshika mwili mwembamba wa mtoto wa mtu.

Jumanne, 25 Februari

Saa nane na dakika kumi na moja mchana: 50,000.

Osward alipiga makofi peke yake. Dina aliniomba nibonyeze kitufe cha kuzima mimi mwenyewe. Marselino alikuja na sufuria ya wali, nikapika migebuka pale nje, tukanywa soda. Bosi wao, Injinia Kelvin, alikuwa kwenye simu, sauti juu, kila mtu anasikia. "Hongereni sana nyie watu wa Mpanda! Vile viwili pacha vyake viko tayari kwenye ndege. Kushoto kimoja, kulia kimoja. Ripoti ikifika tu, wiki mbili, tunaruka."

"Nani ataruka?" niliuliza.

"Rubani na Dina. Dina atakaa nyuma anasoma vipimo."

Dina alikuwa anacheka, punje ya wali imemganda kwenye kidevu. Wali wangu sikuumaliza.

Jumatano, 26 Februari

Dina aliomba kuona mpunga. Tukaenda Kakese sisi watatu, ilikuwa siku ya palizi. Maji yalimfika magotini, akazama mguu mmoja, Marselino akamvuta buti ikabaki topeni. Alicheka mpaka akakaa juu ya tuta. Aling'oa mpunga akiacha magugu, Marselino akamwonyesha tofauti kwa upole ambao mimi sijawahi kuonyeshwa. Hewa ilinukia majani mabichi. Ingekuwa siku nyingine ningesema ndiyo siku yangu bora mwaka huu.

Tukiwa tunaosha miguu nilimuuliza, kama vile natania, "Na hicho kidude kikikwama huko juu?"

"Hakitakwama, dada. Wewe mwenyewe umekilinda mara elfu hamsini." Akanishika bega kuvaa buti yake.

Tuliporudi nyumbani, yeye kaenda nyumba ya wageni kuoga, mimi nikakaa jikoni na Marselino anapepeta mchele. Nikamwambia yote. Grisi, tone, kitambaa, simu.

Aliacha kupepeta. "Kwa nini ulifuta lile tone, mama Skola?"

"Kwa sababu nililiona, nikajua lina maana gani."

Akafikiri. "Watakufukuza."

"Najua."

"Na watu watasema."

"Najua, baba Skola."

"Basi wakufukuze," alisema. "Mpunga upo. Mashine ya kusaga ipo. Yule binti hana mwingine wa kumwambia." Akaendelea kupepeta, kwa nguvu zaidi, makapi yakaruka mpaka kwenye moto.

Alhamisi, 27 Februari

Nilimkuta Dina bandani, anaandika ripoti kwenye kompyuta. Osward alikuwa getini. Nilibaki nimesimama, nikiogopa kwamba nikikaa sitasema.

"Mdogo wangu, usiitume."

"Kuna nini?"

"Tarehe ishirini na tatu Januari nilifungua mpira nikatia grisi. Kilikuwa kinalia siku ya tatu. Ndani mlikuwa na maji, machafu, rangi ya chai. Niliyafuta. Uliponiuliza nikasema hakuna."

Hakupaza sauti, na ningependa angepaza.

"Grisi gani?"

"Ya mashine ya kusaga."

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili."

Aliandika. Kisha akafunga kompyuta.

"Dada Josephina, nilikuuliza kwa simu. Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo."

"Jana nilikuwa shambani kwenu. Nilikuwa nacheka na nyie. Na wewe ulikuwa unajua nitakaa mle ndani."

Nilisema ndiyo tena. Akaniambia niende nyumbani. Nilitembea kwa miguu hadi Misunkumilo kwenye mvua, viatu vya kufunika vidole vimejaa maji, na kwa kweli, pamoja na aibu yote, kifua kilikuwa chepesi kuliko kilivyokuwa mwezi mzima.

Ijumaa, 28 Februari

Nilidhani sitaitwa tena. Saa tatu Osward kanipigia. "Mama Skola, njoo. Injinia anasema hafungui bila wewe."

Nilimkuta Dina kavaa glavu, macho mekundu. Hakunisalimia kwa kukumbatia ila alinipa glavu jozi moja. "Nionyeshe ulipofungua, vile vile ulivyofanya."

Nilimwonyesha. Klipu, mpira, skrubu. Grisi yangu ilikuwa bado pale, nyeusi, nzito. Akaifuta yote akaiweka kwenye mfuko, akaandika tarehe. Ndipo akaitoa nati, ile sehemu yenye gololi za chuma ndani, ambazo skrubu inatelezea. Mdomoni mwa nati kuna sili, duara la mpira la kuzuia maji. Dina aliigusa kwa ncha ya bisibisi ikakunjuka kama ganda la nyanya iliyochomwa. Ilikuwa imevimba kwa unyevu na joto, imejipinda upande mmoja. Akainamisha nati juu ya karatasi nyeupe. Gololi zikadondoka moja moja. Za mwanzo zilikuwa zinang'aa. Za ndani zilikuwa na kutu, nyingine zimechimbika vishimo.

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Kilikuwa kinakwenda kukwama," alisema Dina polepole. "Grisi yako ilikinyamazisha tu. Kimekula elfu ishirini juu ya kutu, na vipimo vyangu vikasema kizima."

Akampigia Injinia Kelvin. Safari hii hakuweka sauti juu, lakini Kelvin alikuwa anafoka mpaka nikamsikia. Kwamba mimi ndiye niliyeingiza maji nilipofungua. Kwamba kifaa hakina kosa, mwenye kosa ni mama wa mashine ya kusaga, na sasa nimetunga kilio ili nijisafishe. Dina akasema, "Anasema kililia siku tatu kabla hajafungua." Kelvin akasema, "Ushahidi uko wapi? Daftari halina!"

Kweli, halina. Nililiacha tupu kwa mkono wangu mwenyewe.

Osward alikuwa amesimama kwenye ule upande wa wazi, kofia mkononi. Alikohoa. Akaja na kitabu chake cha getini, kile nilichokuwa nakicheka, akakifungua mezani mbele ya Dina. Kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiye na haraka kulikuwa na maneno haya: *21/1. Hakuna mgeni. Mashine imelia asubuhi kama mlango. 22/1. Hakuna mgeni. Mashine inalia zaidi. 23/1. Hakuna mgeni. Inalia sana. Nimeenda chai. Nimerudi, hailii.*

"Kwa nini hukusema, mzee wangu?" Dina alimuuliza.

"Niliambiwa niandike yanayotokea," alisema Osward. "Nikaandika. Hakuna aliyeomba kusoma."

Dina akapiga picha kurasa zote, akazituma.

Jumapili, 2 Machi

Kanisani. Niliimba. Marselino kanipa paja la kuku bila mimi kuomba, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane.

Jumanne, 4 Machi

Injinia Kelvin kapiga, kaomba kuzungumza na mimi mwenyewe. Wamevitoa vile viwili kwenye ndege na kuvifungua. Cha kulia, kilichokaa miezi miwili kwenye joto la pwani bila hata kunyeshewa, sili yake imeanza kuvimba, na chini yake kuna unyevu. Ndege hairuki mpaka wapate sili nyingine.

"Mama Josephina," alisema, "nilikusema vibaya. Hukuingiza wewe maji. Lakini ulichofanya ni kosa kubwa, na nitakuandikia barua ya onyo."

"Niandikie, bosi."

"Na ukirudia, unaondoka siku hiyo hiyo."

"Sitarudia."

"Sawa." Akashusha sauti. "Migebuka mnaipikaje nyie? Dina hatuachi tupumzike."

Alhamisi, 6 Machi

Barua ya onyo imefika. Nimeisoma kwa miwani yangu, nikaisaini. Imeandikwa vizuri, haina tusi, kila neno ni kweli. Nimeiweka pamoja na cheti cha VETA.

Jumatatu, 10 Machi

Sili mpya hazijafika. Mvua. Tunaosha meza.

Ijumaa, 14 Machi

Leo Dina alikula karanga zangu za kuchemsha, amekaa juu ya ndoo, mvua imetuzunguka pande zote. Siku zote hizi tulikuwa tunaongea ya kazi tu. Akasema ghafla, "Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeshakuzoea."

Nikasema, "Mimi nilisema kwa sababu hiyo hiyo."

Akatema ganda. "Ungekuwa hujanizoea usingesema?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, maana nimeshajua gharama ya kumjibu haraka. "Ningechelewa zaidi," nilisema. Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alipenda kwamba sikujipamba.

Jumanne, 18 Machi

Sili mpya zimefika, za aina nyingine, ngumu kidogo, rangi ya udongo. Dina kafunga moja mwenyewe, nami nikashika taa. Daftari jipya la kazi nalo limekuja. Lina chumba kipya, kipana kuliko vyote, kimeandikwa MENGINEYO. Wazo ni la Dina. Osward kaomba aongezewe na yeye kwenye cha getini, akaambiwa chake kinatosha.

Jumatano, 19 Machi

Tumeanza upya kutoka sifuri. Hadi jioni 870. Mengineyo: mende mmoja juu ya meza, kaondoka mwenyewe.

Jumatatu, 24 Machi

Dina karudi Dar. Mvua inapungua, inakuja jioni tu na kuondoka.

Jumamosi, 5 Aprili

11,600. Saa nne asubuhi kulikuwa na mlio mdogo. Sikugusa. Nikaandika, nikampigia Dina hapo hapo, tukausikiliza kwa simu sisi watatu, Osward akiwemo. Ulikuwa ni bati lililolegea nyuma ya banda, upepo ukilitikisa. Dina alicheka mpaka akakohoa. Akasema niandike hivyo hivyo, na nimeandika: bati.

Jumatano, 9 Aprili

Injinia Kelvin kapiga. Jumatatu kuna mkutano Dar, wale wabia wao wa kutoka nje watakuwepo, wanataka kujua kwa nini jaribio limerudiwa. Vipimo vilionyesha ampea kupanda na kushuka, basi. Tone la maji hakuna kipimo kilicholiona. Tuliliona wawili tu, mimi na Mungu.

"Kwa hiyo unakuja wewe," alisema. "Ueleze tone lilikuwaje, rangi gani, lilitokea wapi. Na grisi pia uiseme, usiiruke."

Nilimuuliza basi linaondoka saa ngapi. Akasema ndege.

Ijumaa, 11 Aprili

Binti wa kutoka VETA amekuja kunishikia zamu siku nne. Nimemfundisha. Nilijisikia nikisema, "Usiguse chochote. Kikilia, andika."

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikiwa kwa mama yake Dina, Dar, miguu juu ya stuli.

Marselino na Osward walinisindikiza mpaka mlangoni pa uwanja. Marselino hakuwa na utani leo. Alinifunga kamba za viatu, akasema nimsalimie Dina.

Nilipewa kiti cha dirishani, chini ya bawa la kushoto. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima wa Kasokola, anaitwa mama Dorika, anaenda kwa mwanawe, na yeye ni mara ya kwanza kama mimi. Tulipopaa alinishika mkono, nikamwachia. Niliona Mpanda yote, mabati yanametameta, na mpunga wa Kakese umeanza kuiva, manjano juu ya kijani. Sikujua kwamba tunalima mahali pazuri hivyo.

Tulipokaribia Dar, ndege ikapunguza mwendo, halafu kukatoka mlio mrefu wa kukwaruza, chini ya miguu na juu kwenye bawa. Mama Dorika alinibana mkono mpaka kucha zikaingia.

"Mungu wangu, nini hicho kinavunjika?"

"Hakivunjiki, mama. Ni kibawa kinateremka. Tazama pale nyuma ya bawa. Kinaishika hewa ili tushuke taratibu."

"Nani anakiteremsha?"

"Cha ndege hii kinateremshwa na mafuta kwenye mabomba. Kuna vingine vinakuja vya umeme."

Alitazama, akanitazama na mimi, viatu vyangu, mikono yangu. "Wewe mama, yote haya umeyajulia wapi?"

"Nilishawahi kukiharibu kimoja," nilisema.

Mama Dorika akauachia mkono wangu, akavuta mkanda wake ukakaza. Mimi nikatazama kibawa cha upande wangu, kisha nikanyoosha shingo juu ya vichwa vya watu kutazama cha kulia. Vyote viwili vilikuwa vimeshuka sawasawa. Magurudumu yakagusa chini.